Ufunguo wa Corbett

Estill Caudill alikuwa amechoka, na si uchovu wa safari. Uchovu wa safari dawa yake kitanda. Huu wake ulikuwa umemkaa kooni. Alijibwaga kwenye kiti cha kukunja nyuma ya jukwaa, gitaa mapajani, akinywa maji ya moto yenye asali, na baada ya kila funda alijikohoza kidogo kama mtu anayejaribu gari bovu.

Uwanjani vijana walikuwa wanazichakaza mandolini zao, vile vigitaa vidogo vya nyuzi mbilimbili, tangu asubuhi, wote wakimwiga marehemu Corbett Ison. Mandolini zilikuwapo kabla yake, nani anakataa? Lakini Corbett aliziminya nyuzi zote kwa vidole, hakuacha hata moja wazi, akaunyonga kila mlio ukiwa bado unazaliwa. Tena akaimba juu, juu huko ambako wenzake waliona ni wazimu. Kimo hicho cha sauti siku hizi mlima mzima unakiita ufunguo wa Corbett. Ukihama kanisa, watu hapa watakusamehe. Ushushe ufunguo wa Corbett uone.

Kila kiangazi walimkumbuka kwa onyesho la bluegrass, muziki wa nyuzi wa huku milimani, kwenye konde lake, na kila mwaka wimbo wa kufungia ulikuwa "Moshi Juu ya Paa", na wa kuuimba ni Estill, kwa kuwa ndiye aliyesimama naye kwenye maikrofoni moja maisha yao yote. Mwaka jana sauti ilimkatika kwenye kiitikio. Watu wakampigia makofi ya huruma. Jamani, makofi ya huruma! Afadhali wangemzomea. Alikuwa ameshajiapiza: ikikatika tena leo, gitaa anatundika ukutani, hagusi tena mpaka kufa.

Garland, mshereheshaji, alichungulia pazia.

"Mzee, uko fiti?"

"Kama punda wa mgodini."

"Vestal yupo mstari wa mbele na wale wanaokufuatisha kwa magitaa yao. Anasema mwaka jana ulimwangusha Corbett."

"Vestal akiimba, mbwa wanahama. Mwambie akae atulie."

Garland akaondoka akicheka. Estill hakucheka. Akatega kibano cha kupandishia sauti kwenye shingo ya gitaa, mahali pa nne, pale pale pa siku zote, nyuzi zikapanda. Akajaribu kiitikio taratibu. Sauti ikapanda nusu ya njia, ikakwama, ikatoa mkwaruzo.

"Anko, shusha," akasema mtu nyuma yake.

Alikuwa Reva, binti wa Corbett, dereva wa basi la shule, mwanamke wa makamo mwenye mabega ya baba yake. Ndiye aliyerithi mandolini na nafasi ya marehemu kwenye bendi.

"Nishushe? Baba yako yuko pale mlimani ananisikiliza, nimfanyie hivyo?"

"Shusha tu. Unajiua."

"Mandolini yake ndiyo iliyotaka juu, Reva. Siku ya kwanza tulipofanya mazoezi aliniambia mwenyewe: 'Estill, hii kitu chini hailii.' Mimi nikamfuata."

Reva akakaa juu ya kasha la banjo, akashusha pumzi.

"Baba alikudanganya, Anko."

"Nini?"

"Mandolini ililia vizuri tu kule chini. Ni wewe. Ulipoimba chini enzi hizo ulisikika kama mtu anayeomba radhi. Alikuja nyumbani akamwambia mama, 'Yule mtu sauti yake iko juu, ila hajijui.' Ndipo akaanza kuitafuta njia ya kukufuata. Huko juu hakuna uzi wa kuacha wazi, ikabidi aminye zote. Nilimwona jikoni vidole vimepasuka, anaulaani huo ufunguo kwa matusi ambayo siwezi kuyarudia mbele ya wanakwaya. Mama akamuuliza, si mshuke? Akasema, 'Chini atapotea. Na usimwambie, ataona haya.' Nami nikaambiwa hivyo hivyo."

Estill akakigusa kibano. Akakumbuka kwamba kila siku, kabla ya kupanda jukwaani, Corbett alimuuliza, "Estill, sauti iko wapi leo?" Yeye aliichukulia salamu tu. Alijibu, "Iko pale pale," wakacheka, wakapanda.

"Mjinga yule," akasema, na machozi yakamtoka bila kuaga. Alimpenda rafiki yake, na kwa dakika ile alimkasirikia vilevile. "Mjinga kabisa. Miaka yote hiyo najikaba kwa ajili yake, kumbe naye kwa ajili yangu."

Garland akaita majina yao.

Wakapanda, wakaisogelea ile maikrofoni moja. Estill akasimama upande kidogo, kama alivyozoea, kuiachia nafasi shingo ya mandolini. Mbele yake Vestal alikuwa ameshatega kibano chake mahali pa nne, anangoja. Nyuma ya Vestal mamia ya watu wananyamazishana.

Reva akamwinamia sikioni. "Anko, sauti iko wapi leo?"

Mara hii hakujibu harakaharaka. Akaitafuta kwanza.

"Iko chini, mwanangu. Chini kabisa."

Akakichomoa kibano, akakitia mfukoni. Wapiga gitaa wote wa mstari wa mbele wakaona. "Aa-aa! Hapana!" Vestal akapaza sauti, akasimama, akakunja kiti chake, na wengine wawili watatu wakamfuata. Waende.

Estill akaimba. Sauti ilikuwa nzito, imechakaa, lakini haikuomba radhi kwa mtu. Ilikuwa sauti ya mzee aliyechoka, anasema amechoka. Reva alihangaika kando yake, vidole vinatafuta mahali pasipojulikana, akakosea mara kadhaa, akaendelea. Kiitikio kikaja, kikapita, hakuna kilichokatika.

Makofi yalichelewa, kisha yakaja, na hayakuwa ya huruma. Estill aliijua tofauti.

"Mmoja zaidi!" watu wakapiga kelele.

Estill akamgeukia Reva, aliyekuwa anajifuta jasho. Tangu baba yake afe alikuwa anaimba nafasi ya baba yake, kwenye ufunguo wa baba yake.

"Na yako," akamuuliza, "sauti yako iko wapi leo?"

Reva akaitazama mandolini ya baba yake.

"Sijui, Anko," akasema. "Sijawahi kuulizwa."

Estill akakitoa kibano mfukoni, akakishika mkononi, akamngoja aseme akitege wapi.