Mbwa Mwitu Anayejikuna Nyuma ya Goti

Kwa heshima zote, naomba ieleweke kwamba mbwa mwitu hakuwa wazo langu. Mimi nilichangia mwendo wake tu.

Shule yetu ya bweni ina chumba kimoja chembamba nyuma ya jiko, chenye dirisha moja na harufu ya masufuria yaliyolowekwa. Humo ndimo tulimochora katuni, mimi na rafiki yangu tuliyempa jina la Mkaa, kwa sababu vidole vyake havijawahi kuwa na rangi nyingine. Mwalimu wa sanaa alikuwa ametuonyesha katuni za zamani, zile zinazochukua hadithi za watoto na kuzivuruga makusudi: bibi mgonjwa anamshinda mbwa mwitu mbio, binti mfalme analala miaka mia kwa kukwepa kuosha vyombo. Tukapagawa. Tukaamua na sisi kutengeneza yetu.

Ndipo siku moja Makamu wa mkuu wa shule akaingia na futi ya kupimia, akapima chumba ukuta hadi ukuta bila hata kutusalimia.

"Madawati mabovu yataenea vizuri hapa," akasema.

Mwalimu wa sanaa akamsihi. Makamu akaikunja futi yake taratibu. "Basi Jumamosi nionyesheni kitu ambacho shule nzima itakitazama hadi mwisho bila kusinzia. Mkishindwa, Jumatatu madawati yanaingia."

Mkaa alinywea. Yeye si mtu wa mpira, si mtu wa kwaya, na bwenini huongea akiulizwa tu. Kwake chumba kile ndicho kilikuwa shule. Madarasa yalikuwa njia ya kukifikia. Mimi nisingepoteza kitu. Mtu wa kipaji changu anaweza kusumbua watu mahali popote.

Sasa, Mkaa hachori mwendo kutoka kichwani. Anamsimamisha mtu dirishani, anamwambia tembea, simama, rudi nusu hatua, anamnakili mkao mmoja baada ya mwingine. Halafu anamvisha mtu huyo manyoya, au gauni, au pua ya nguruwe. Mtu huyo nilikuwa mimi. Nilijitoa mhanga kwa ajili ya sanaa, na pia kwa sababu aliyesimama dirishani hakufagia.

Hadithi yetu ilikuwa hivi. Mbwa mwitu anafika kumla bibi, anakuta nyumba imehamiwa na nguruwe watatu wanaogombana kuhusu matofali. Bibi mwenyewe ameenda kucheza dansi kwa mfalme, na huko kiatu chake cha kioo kinamponyoka. Mwana wa mfalme anazunguka nacho nyumba kwa nyumba, na mguu pekee unaoingia ni wa mbwa mwitu. Harusi inafungwa, ahadi ni ahadi.

Kimoyomoyo nikaamua mbwa mwitu awe Makamu. Nikapita dirishani kifua mbele, mikono mgongoni, shingo imetangulia kama ya mtu anayenusa makosa.

Mkaa akasimamisha penseli. "Huyo nani?"

"Mbwa mwitu tu."

"Usinitanie, ndugu yangu. Makamu akijiona humo, tumekwisha."

"Naapa si mtu yeyote. Nikudanganye wewe?"

Akaitazama miguu yangu kwa muda, akaguna, akaendelea kuchora. Nilidhani anatafakari mambo ya kivuli.

Jumamosi mapazia ya ukumbi yakafungwa. Makamu alikaa mstari wa mbele, amekunja mikono. Mimi nilisimama pembeni ya skrini, nimekaa mkao wa kula, nikisubiri jina lake lianze kunong'onwa.

Mbwa mwitu akatokea. Sauti nyembamba ya mtoto wa kidato cha kwanza ikasema, "Jamani, si yule kaka wa bweni letu?"

Mbwa mwitu akabisha hodi, akasema yeye ni daktari. Kabla ya kusema, akainua mguu wa kushoto, akajikuna nao nyuma ya goti la kulia. Ukumbi ukalipuka kwa kicheko. Bibi akamwambia mlinzi kwamba amealikwa: akajikuna. Nguruwe mdogo akadai ameoga: akajikuna. Bibi harusi akaulizwa kama anampenda mwana wa mfalme, akainua gauni na mkia, akajikuna.

"Ndivyo anavyosimama akiniambia amefua shuka," matroni alisema, akijifuta machozi.

Hakuna aliyemwona Makamu popote ndani ya katuni. Nilikuwa nguruwe watatu, bibi kizee na mwali mwenye manyoya, na katika maisha yangu yote sikuwahi kujua kwamba ninajikuna.

Mapazia yakafunguliwa. Makamu akasimama, akaniita mbele. "Huyu mbwa mwitu, mlimwiga nani?"

"Hakuna, Mwalimu. Ni wa kubuni."

Ukumbi mzima ulikuwa unatazama chini. Nami nikatazama. Mguu wa kushoto ulikuwa umeshapanda.

Walicheka mpaka benchi moja likaanguka. Mkaa peke yake hakucheka. Alikuwa na uso wa mtu anayeona madawati yakipita mlangoni. Uso ule ndio ulionishinda.

"Ni wewe, Mwalimu," nikasema. "Nilikuwa naiga mwendo wako. Mkaa hakujua."

"Mimi?" Makamu akatembea hatua chache mbele yetu, mikono ikining'inia, akiburuta kidogo viatu kama mtu aliyechoka, akageuka. "Mimi natembea hivi. Yule ni wewe ukijidai."

"Kweli kabisa, Mwalimu," matroni akaunga mkono. "Hamfanani hata kidogo."

Makamu akamgeukia mwalimu wa sanaa. "Sikuona aliyesinzia. Chumba kibaki." Kisha akanigeukia mimi. "Wewe, kila Jumatatu asubuhi utapita ofisini kwangu. Nitakuwa na maswali machache. Vaa kaptura."

Nimejaribu buti nzito. Nimejaribu kukaa. Sasa hata watoto wa kidato cha kwanza, nikiwaambia kengele imeshalia, huinama kwanza kuangalia.

Jana Mkaa aliniomba nimsimamie tena dirishani. Anachora jini aliyekwama ndani ya chupa ya dawa ya kikohozi. Nilimwambia ningependa sana, ila sina nafasi.

Hakubisha. Alitazama chini, akachukua penseli.