Watoto Wako Kwenye Gari

Bonge alikuwa amelala kwa shida. Meno yalikuwa yakimsumbua tangu jana, asubuhi nzima amelia mpaka sauti imemkauka, na gari lilipoanza tu kutembea akazima kama taa. Dada yake, aliyebandikwa jina la Kasuku kwa sababu mdomo wake haukujua likizo, naye akamwegemea na kusinzia. Baba yao alipoegesha mbele ya jengo la ghorofa, hakuzima injini papo hapo. Alibaki akiwatazama kwenye kioo cha kutazamia nyuma, akiogopa hata kukohoa.

Mtaani walimwita Fundi Barafu. Alitengeneza mafriji, hiyo ilikuwa sababu ya kwanza. Ya pili ni kwamba hakuwa mtu wa kupapatika. Friji ya bucha ikifa na nyama imejaa, mwenye bucha alipiga kelele peke yake.

Siku hiyo alikuwa ametumwa kitu kimoja tu. Mke wake alikwenda stendi kumpokea mama yake, na kabla ya kutoka alimwambia, "Usisahau miwani ya mama, iko tayari. Jumamosi wanafunga mapema. Mwaka jana ulimsahau mwenyewe stendi, mwaka huu usimsahau macho." Duka la miwani lilikuwa juu, ghorofa ya nne.

Akageuka kuwatazama tena. Kumbeba Bonge ni kumwamsha, na kumwamsha ni kuanza vita upya. Kasuku naye kutembea ngazi zote hizo huku ana usingizi, angelia kuliko mdogo wake. Gari lilikuwa kwenye kivuli cha jengo, kivuli kizuri cha ubaridi. Ni kupanda, kutoa risiti, kushuka. Akashusha vioo kiasi cha kupitisha kidole, si zaidi, maana eneo lile vibaka hawakukosekana. Milango ya nyuma ilikuwa na kufuli ya watoto, mwenyewe aliiweka baada ya Kasuku kufungua mlango gari likitembea.

Alipozima injini na kushuka, akirudisha mlango wake polepole, Kasuku akafumbua jicho moja.

"Baba, unakwenda wapi?"

"Nakuja sasa hivi, mama. Lala."

Jicho likafumbwa.

Alikuwa amekusudia kupanda ngazi, lakini lifti ilikuwa wazi. Ndani mlikuwa na mwanamke wa makamo aliyebeba gauni la harusi ndani ya mfuko mrefu wa nailoni, pini zimemjaa kifuani kwenye blauzi. Ungemjua kuwa ni mshonaji kabla hajasema. Pembeni yake alisimama bwana mmoja wa tai na kitambi, akijipepea na gazeti. Fundi akaingia, mlango ukajifunga, lifti ikapanda, ikapanda tena kidogo, ikakohoa, ikasimama. Taa ikazimika.

"Umeme huo," akasema bwana wa tai gizani, kwa sauti ya mtu aliyezoea. "Tukae mkao wa kula. Juzi walikaa humu mpaka wakajuana koo zao."

Mshonaji akacheka. "Mimi nina bibi harusi ananisubiri juu na nguo ya ndani tu. Akitoka hivyo, shauri yao."

Fundi hakucheka. Alibonyeza vitufe vyote, kimoja kimoja, kisha kwa kiganja. Akatoa simu. Mtandao hakuna. Akaiinua juu, akaishusha sakafuni, akaibandika kwenye ufa wa mlango. Hakuna. Akawashia tochi yake mlango wa chuma, akaanza kuugonga.

"Taratibu, ndugu yangu," bwana wa tai akamwambia. "Mlinzi akijua tumo, atakuja. Una haraka ya nini?"

"Nina haraka kidogo."

Hivyo ndivyo alivyosema, kidogo. Ulimi ulikataa kutamka lililokuwa kifuani. Akajiambia umeme utarudi sasa hivi. Akajiambia wamelala, na gari liko kivulini. Ndipo akakumbuka kwamba kivuli hakikai mahali pamoja. Alipoegesha, ukingo wa jua ulikuwa umefika kwenye tairi la mbele. Yeye mwenyewe aliuona. Aliuona na akaufurahia, kwamba ameliwahi eneo zuri.

Mle ndani hewa ilikuwa imeanza kuwa nzito, na wao walikuwa watu wazima waliosimama, wenye uwezo wa kupiga mlango. Akilini akamwona Bonge amefungwa mikanda ya kiti chake, amevaa sweta. Kwa nini alimvalisha sweta? Asubuhi kulikuwa na kibaridi. Hakumvua.

Akaanza kuupiga mlango kwa ngumi mbili.

"Wewe, umepatwa na nini?" mshonaji akauliza. "Una ugonjwa wa kuogopa lifti? Kaa chini, vuta pumzi."

"Watoto wako kwenye gari."

"Watoto gani?"

"Wangu. Wawili. Wako peke yao chini, kwenye gari, nimefunga. Mdogo hajatimiza miaka miwili."

Gazeti likaacha kupepea. Fundi alisubiri kutukanwa, na kwa kweli angependa kutukanwa, angalau apate kitu cha kujibu. Mshonaji alivuta pumzi ndefu, akalitundika gauni la watu kwenye ndoano ya ukuta.

"Ee Mungu wangu," akasema tu. Kisha naye akaanza kupiga mlango, akipiga ukelele ambao uliwafanya wanaume wawili waliokuwa naye waruke.

Hakuna aliyejibu. Bwana wa tai akavua koti. "Shika upande huo," akamwambia Fundi. "Vuta kwako, mimi nivute kwangu. Usiache."

Walivuta mpaka vidole vikataka kung'oka. Mlango wa ndani ukakubali, wa nje ukagoma, kisha nao ukaachia, kiasi cha mtu kupita kiubavu. Mbele yao palikuwa na ukuta wa zege usawa wa vifua. Juu ya ukuta, mwanga, na sakafu ya ghorofa ya tatu.

"Usipite hapo!" mshonaji akamshika shati. "Umeme ukirudi lifti ikaondoka, utakatika vipande viwili, tukupeleke kwa mkeo kwa mafungu?"

"Mama, niache."

"Mwache," bwana wa tai akasema. Akainama, akaweka mikono magotini. "Panda mgongoni. Upesi, na ukishafika kiunoni usisimame kufikiri."

Fundi akampanda yule bwana na viatu vyake, akaingiza kichwa, kisha bega. Tumbo likakwama. Hapo akasikia chuma kikilia mahali fulani juu ya lifti. Akajisukuma, shati likachanika toka kwapani mpaka chini, akatokea sakafuni kama samaki. Hakusema asante. Alishazifikia ngazi.

Alikuwa hajamaliza ngazi umeme uliporudi. Taa za ukumbi zikawaka, na lifti ikamtangulia chini na wale wawili ndani.

Jua lilimpiga usoni alipotoka. Kivuli hakikuwepo. Gari lilikuwa linang'aa lote juani, kioo cha mlango wa nyuma kimevunjwa, vipande vimetapakaa kitini, na mlango uko wazi. Viti vilikuwa vitupu. Mikanda ya Bonge ilikuwa imekatwa na kitu chenye ncha.

Akaliitia gari majina ya watoto wake, kana kwamba wamejificha chini ya viti, akainama akachungulia huko kweli. Akasimama katikati ya barabara, akamshika mpita njia, akamwachia, akamshika mwingine. "Watoto wangu! Nani kachukua watoto wangu?"

Bwana wa tai alikuwa ameshafika nyuma yake, amelowa jasho, alama ya kiatu mgongoni. "Uliza mlinzi, usiulize kila mtu. Mlinzi!"

Mlinzi wa maegesho akaja akitembea bila haraka, akamtazama Fundi kuanzia kichwani hadi kwenye shati lililochanika. "Ni wewe baba yao?" Hakusubiri jibu. "Wako ng'ambo pale. Saluni."

Saluni ilikuwa na wanawake wameacha nywele nusu. Katikati, sakafuni kwenye vigae, Bonge alikuwa amelazwa mtupu juu ya taulo lililoloweshwa, uso umemwiva kwa joto, macho nusu wazi. Hakuwa analia. Msusi, mwanamke mwembamba mwenye mkasi mfukoni, alikuwa akimpaka maji kwa kiganja, kichwani, kwapani, miguuni. Fundi alipomwinamia mwanawe, yule msusi akaweka mkono katikati.

"Simama hapo hapo. Wewe nani?"

"Baba yake."

"Hayo ni maneno yako." Akageukia kona. "Mwanangu, huyu unamjua?"

Kasuku alikuwa amekaa kwenye kiti kirefu, bilauri ya maji mkononi, nywele zimemganda usoni kwa jasho. Alimtazama baba yake. Alimtazama kwa muda, na saluni nzima ikamtazama yeye. Mtoto ambaye hungeweza kumnyamazisha hata kwa pipi, alinyamaza.

"Ni baba," akasema mwishowe. Kisha, "Nilikuita. Nilikuita sana."

Walikwenda zahanati kwa gari la bwana wa tai, madirisha yote chini, msusi nyuma na mtoto mapajani, maana alikataa kumkabidhi kwa mtu, na Kasuku pembeni yake. Njiani simu ya Fundi ikaita. Mke wake. Aliangalia jina likiwaka, na kichwa chake kikaanza kumtengenezea maneno, tena maneno mazuri: kioo kimevunjwa na vibaka, nilikuwa hapo hapo, nimegeuka tu. Kioo kilikuwa kimevunjika kweli. Nani angebisha? Aliinua macho. Kasuku alikuwa anamtazama.

Akapokea. "Mke wangu, sikiliza. Niliwaacha watoto kwenye gari nikapanda juu. Lifti ikakwama. Bonge amezidiwa na joto, tunakwenda zahanati iliyo karibu na soko. Njoo."

Simu ikakatika.

Daktari aliweka dripu. Akasema joto linashuka, moyo unaenda vizuri, lakini hatamruhusu mpaka akojoe. "Akikojoa ndipo tutajua figo ziko kazini." Basi wakakaa, watu wazima wote wale, wakiukodolea macho mkojo ambao haujaja. Mke alifika na mama yake, hakumsalimia mtu, akamchukua mwanawe kifuani pamoja na mirija yake. Mama mkwe akamshika Fundi bega, akakaa upande wake bila kuuliza lolote, na hilo lilimwumiza kuliko swali.

Jua lilikuwa limeanza kupoa Bonge alipolilowesha gauni la mama yake, kifua mpaka magotini. Mama akapiga kelele, "Amekojoa! Daktari, amekojoa!" akicheka, kisha kicheko kikageuka kilio na akashindwa kukizuia. Msusi akapangusa macho kwa pindo la aproni, akasema ana wateja wana nywele nusu, akaondoka. Fundi akamfuata mlangoni kumshukuru.

"Usinishukuru mimi," msusi akamwambia. "Huyo wa kike ndiye aliyegonga kioo na kiatu mpaka nikasikia. Zungumza naye."

Mke wake hakuzungumza naye siku ile, wala kesho yake. Siku aliyozungumza, alisema mengi, na Fundi aliyasikiliza yote bila kusema "lakini".

Bonge alisahau mara moja. Kasuku hakusahau. Alirudia kuongea kama kawaida yake, ila gari hakuingia. Ukifungua mlango tu alikakamaa, akapiga miguu, shule wakawa wanakwenda kwa miguu. Fundi hakumlazimisha. Kufuli ya watoto aliitoa kwenye milango ya nyuma. Jioni akitoka kazini alifungua milango yote minne pale uani, akakaa kiti cha nyuma peke yake, akimenya karanga. Jioni moja Kasuku akaja akasimama karibu. Nyingine akakaa ukingoni, miguu nje, akamsimulia habari za mwalimu na mbuzi wa jirani.

Siku aliyoingia ndani na kuvuta mlango mwenyewe, aliuvuta polepole mpaka ukagota, akabaki ameushika mshikio, midomo imekaza. Fundi hakutikisika. Kisha Kasuku akaufungua.

"Baba."

"Naam, mama."

"Usishuke kwanza," akasema, akaufunga tena.