Mgunga wa Bomba la Saba

Mwezi wa nane bila mvua, Idara ya Maji ilipata taarifa iliyoitia kiwewe: kuna mahali mjini ardhi imelowa.

Mabomba yalikuwa yamekauka tangu mwezi wa tatu na hakuna aliyeita kikao. Watu walipiga simu hadi wakachoka, ndoo zilipanga foleni mpaka zikapauka kwa jua, na Idara ikatulia tuli. Lakini siku msoma mita mmoja alipoleta habari kwamba nyuma ya shule ya zamani, chini ya mgunga mmoja, kuna nyasi mbichi na udongo wenye unyevu, kikao kiliitishwa kabla hajamaliza chai yake. Watu kumi na mmoja wakazunguka meza, kila mmoja na chupa yake ya maji ya dukani.

Meneja akakunjua ramani. Kabla ya kupewa umeneja alikuwa ofisa wa sherehe, na mpaka leo mkono wake umezoea mkasi wa kukatia utepe kuliko kalamu. Aliweka kidole juu ya mstari wa bluu.

"Bomba la Saba," alisema. "Linapita hapo hapo. Jamani, hilo bomba linavuja."

Alisema kwa furaha, na tusimlaumu. Kwa miaka mitatu alikuwa akiandika kwenye ripoti kwamba Bomba la Saba linafanya kazi, na kwa miaka mitatu hakuna kiumbe aliyeonja tone lake. Sasa linavuja. Bomba haliwezi kuvuja kama halina maji, na haliwezi kuwa na maji kama halipo. Tena mkaguzi kutoka makao makuu alikuwa anafika Alhamisi. Meneja aliona dua zake zimejibiwa.

"Spana atachimba," alisema. "Tulifukue, tulipige picha, tulizibe mbele ya mkaguzi."

Kule mwisho wa meza, Spana aliweka chini chupa yake ya maji.

Huyu alikuwa fundi bomba mkuu wa Idara. Jina hilo alipewa kwa sababu spana haikutoka kwenye mfuko wake wa nyuma hata siku ya harusi yake, na picha za harusi zipo, zinashuhudia. Alijua mambo mawili ambayo wengine pale mezani hawakutaka kuyajua. La kwanza, Bomba la Saba halipo. Katika ofisi ile fomu ya kukamilisha kazi husainiwa kwanza, kazi ikafuata baadaye, ili kuokoa muda. Miaka mitatu nyuma, asubuhi moja, fomu ilizungushwa mezani pamoja na sahani ya karanga. Wote kumi na mmoja walisaini, Spana akiwa wa kwanza kwa kuwa ndiye fundi. Mabomba yenyewe yangeletwa mchana. Mchana huo haujafika hadi leo.

La pili, mgunga ule uko uani kwa mama mkwe wake.

Mama mkwe alikuwa mwalimu mstaafu wa biolojia, miaka thelathini na mmoja ya chaki. Spana alipitia darasani kwake akiwa kijana, akilala dawati la nyuma. Mama huyo alimpa alama tisa kwa mia, na miaka kumi baadaye akampa binti yake, na hakuna anayejua kipi kilimuuma zaidi. Tangu siku ya posa hakuwahi kumkaribisha kiti. Spana alikuwa akizungumza naye amesimama wima, mikono nyuma, kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini.

"Shikamoo, mama," alisema alipofika uani kwake baada ya kikao.

"Marahaba. Umekuja na ramani. Basi hukuja kunisalimu."

Alimweleza yote akiwa amesimama. Kiti cha pili kilikuwepo, kimekaliwa na kikapu cha maharage. Mama mkwe alimenya hadi mwisho wa maelezo, kisha akaonyesha chini kwa kidevu.

"Chomeka kidole hapo."

Spana akachomeka. "Kuna unyevu, mama."

"Rudi jioni uchomeke tena, utakuta umepungua. Kesho asubuhi utaukuta umerudi. Hilo bomba lenu linafanya kazi kwa zamu?"

Spana akachomoa kidole. Mama mkwe akaweka maharage pembeni, akavuta pumzi kama mtu anayerudia somo kwa aliyelala mara ya kwanza.

"Mti hauna pampu. Jani lina vinywa vidogo, hata kwa macho huvioni. Mchana vinafunguka, maji yanatoka kama mvuke, na kinachotoka kinavuta cha nyuma yake. Jani linavuta tawi, tawi linavuta shina, shina linavuta mzizi ulioko chini kabisa, chini kuliko kisima chochote mlichowahi kuchimba. Umenielewa mpaka hapo?"

"Ndiyo, mama."

"Usiku jani linafunga vinywa. Mvuto wa juu unapungua. Lakini udongo huu wa juu umekauka, una kiu, na wenyewe unavuta. Basi maji ya kule chini yanapanda, yanatokea kwenye mizizi hii midogo, yanalowesha hapa. Asubuhi mti unakunywa tena, na nyasi zinapata chao, na mboga zangu zinapata chao. Mboga ndizo hizo mke wako anazobeba kila Jumamosi. Ulidhani zinatoka sokoni?"

Ndivyo alivyodhani.

"Na ukame ukizidi, mama?"

"Mti utaangusha majani, kisha vijitawi vya pembeni. Unaanza na vya mbali ili shina libaki. Lakini mizizi ya kuleta maji hauiangushi, hauna wazimu. Mkiikata nyinyi, mti huu hautaiona mvua ijayo. Waambie hakuna bomba."

"Mimi nilisaini kwamba lipo."

Mama mkwe alimtazama juu ya miwani. "Ulisaini wa ngapi?"

"Wa kwanza."

"Ulikuwa macho?"

Spana akakunja ramani yake, akaondoka. Aliporudi jioni kuchomeka kidole, unyevu ulikuwa umepungua kama alivyoambiwa. Usiku ule hakupata usingizi, na kwa mtu mwenye historia yake ya kulala, hilo halikuwa jambo dogo.

Alhamisi Meneja alifika uani pale na turubai, viti hamsini, kipaza sauti na utepe. Juu ya meza yenye kitambaa cheupe iliwekwa mita mpya na viungo viwili vya bomba, vimepanguswa vinameta. Mkaguzi alikuwa mtu mfupi, mkimya, koti lake lina vumbi la safari. Majirani nao walikuja, na ndoo zao, kwa kuwa kipaza sauti kilitaja maji.

Spana alichimba mwenyewe, asitake mwingine ashike sururu. Alichimba polepole, mbali na shina kadiri alivyothubutu. Vijizizi vilikatika hata hivyo, laini, vyenye majimaji, na kila kimoja kilipokatika alikisikia kwenye meno. Alipofika kimo cha goti, sururu iligonga kitu kinene, cha kahawia, chenye unyevu, kimelala kutoka upande wa shina kuelekea barabarani.

Meneja akainama. "Ndilo hilo. Mnaona limelowa? Mpiga picha, sogea."

Watu wa Idara wakasogea, wakainama mmoja mmoja, na kila aliyeinama aliinuka na utaalamu. Wa usafirishaji alisema ile rangi ni kutu. Wa mipango alisema limekaa sawasawa na ramani. Wa manunuzi alisema ni aina ya zamani, siku hizi hawatengenezi tena kitu imara namna hiyo. Makofi yakapigwa, na mmoja wa majirani akaanza kufungua kifuniko cha ndoo yake.

"Haya," Meneja alisema, akimpa msumeno. "Kata hapo, tuweke kiungo na mita, mheshimiwa mkaguzi ashuhudie."

Spana akaushika msumeno. Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni, mikono kifuani, kwa uso ule ule aliokuwa nao akisimamia mtihani. Kukata kulikuwa rahisi. Angekata, picha ingepigwa, Bomba la Saba lingekuwepo milele na saini yake ingekuwa ya kweli. Angebaki na kazi. Spana aliogopa, tusimpambe. Aliogopa kukosa mshahara, aliogopa kuchekwa, na kuliko vyote aliogopa ule uso wa mlangoni.

"Huu ni mzizi," alisema.

Meneja akacheka peke yake. "Jua limempiga, mheshimiwa. Tangu asubuhi hajala."

"Hakuna bomba, bosi. Halikuletwa. Fomu ilisainiwa asubuhi, mabomba yakasubiriwa mchana. Mimi ndiye niliyesaini wa kwanza."

Husemwa kwamba njia ya mwongo ni fupi, lakini ya ofisini huwa na kona nyingi, na hapo wale kumi wengine wakaanza kukagua turubai kana kwamba wamelishona wao. Mkaguzi akashuka mtaroni na viatu vyake. Aliushika mzizi, akachomeka kidole kwenye udongo, akakitazama.

"Sasa maji haya analeta nani?"

Spana akaeleza. Alianza na jani, akarukia usiku, akarudi kwenye vinywa, akasahau shina akalikumbuka, akamalizia na kiu ya udongo. Kule mlangoni midomo ya mama mkwe ilikuwa inachezacheza pamoja naye, neno kwa neno.

"Na fomu ya huu mti iko wapi?" aliuliza mkaguzi. Hakuonekana kutania.

"Hauna fomu, mheshimiwa. Wenyewe unaleta maji kwanza."

Mkaguzi alitoa karatasi yake. Ilikuwa na visanduku viwili: *bomba linafanya kazi* na *bomba liko kwenye matengenezo*. Alitafuta cha tatu, akageuza karatasi nyuma, akairudisha. Akauelekezea mgunga kalamu.

"Sina pa kuuandika," alisema, akaweka alama kwenye kisanduku cha kwanza.

Baada ya wiki mbili barua zilitoka, zote siku moja, zote na muhuri mmoja. Ya kwanza ilimpongeza Meneja kwa Bomba la Saba kuendelea kufanya kazi katika kipindi cha ukame, na kumpandisha cheo. Ya pili ilimfukuza Spana kwa kosa la kusaini bomba lisilokuwepo. Wale tisa waliobaki hawakuandikiwa chochote. Katika yote ambayo mti hufanya wakati wa ukame, Idara ilikuwa imejifunza lile moja la kuangusha majani.

Mtaro Spana alikuwa ameufukia Alhamisi ile ile, wageni wakiwa bado wanakusanya viti. Alirudisha udongo kwa mikono, akafunika kwa magunia makuukuu jua lisiukaushe. Tangu hapo alikuja kila asubuhi kuchomeka kidole. Upande wa mtaro nyasi zilikuwa njano. Wiki ya pili tawi moja la upande huo liliangusha majani yote, na Spana aliona uchungu ambao barua ya kufukuzwa haikumpa. Mama mkwe alimwona akiyaokota moja moja, akaingia ndani.

Asubuhi moja ya wiki ya nne kidole kilitoka na udongo mbichi umeking'ang'ania. Alichomeka cha mkono wa pili, ahakikishe. Nacho kikatoka na udongo.

"Mama," aliita.

Mama mkwe alikuja, akainama kwa shida ya magoti, akachomeka kidole chake mwenyewe. Kisha akainuka, akaenda barazani, akaondoa kikapu cha maharage juu ya kiti cha pili na kukiweka sakafuni.

"Keti," alisema.

Spana akaketi. Spana ya mfuko wa nyuma ikamchoma. Akaitoa, akaiweka chini karibu na kikapu, akaanza kumenya maharage.