Paa la Nikolao

Siku ya arobaini ya Nikolao iliangukia Alhamisi, na kufikia saa mbili asubuhi wapwa zake walikuwa wameshapanda juu ya nyumba. Walikuwa watatu, wakiongozwa na Dastani, mtoto wa kwanza wa dada wa marehemu. Waling'oa mabati kwa utaratibu. Kila msumari waliunyoosha juu ya jiwe na kuutia kwenye kopo la maziwa, kwa kuwa msumari ulionyooka haujali umetoka kwa nani. Sikuzani, mjane, aliwapelekea uji chini ya ngazi.

"Shikamoo, mama," alisema Dastani, akipokea bakuli kwa mikono miwili.

"Marahaba, mwanangu. Lile la pembeni lina ncha, lisikukate."

Pale Chilindelo, kijiji kilicho ukingoni kabisa mwa uwanda wa juu wa Newala, mali ya mwanamume humfuata dada yake. Mabati huondoka na wapwa. Kenchi hubaki kwa sababu zimeliwa na mchwa, na kuta hubaki kwa sababu ni udongo. Dastani hakuwa mtu mbaya. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: kaburi la mjomba alilichimba yeye na jeneza alilibeba yeye. Adhuhuri ilipofika, mabati yote thelathini na mawili yalikuwa yamefungwa kwenye mkokoteni, pamoja na mfereji uliokuwa ukipeleka maji kisimani.

Kisima chenyewe kilisalimika kwa kuwa kilikuwa shimo. Juu ya uwanda hakuna mto. Maji ya bomba hupandishwa na pampu kutoka bondeni, na pampu ina tabia zake. Mwenye bati huchimba kisima ubavuni mwa nyumba, akakisakafia kwa saruji, kisha akainywa mvua ya Januari hadi Oktoba. Kisima hiki alikichimba Nikolao, lakini maji ya kukorogea saruji aliyapandisha Sikuzani kutoka chemchemi ya bondeni, ndoo sitini na moja kichwani, mwanawe Ziada akiwa tumboni. Jambo hilo kila mtu alilijua na halikuandikwa popote.

Ziada huyo sasa alikuwa mtu mzima. Alikuwa amerudi kwa mama yake kutoka Lupaso ili ajifungue mtoto wa kwanza, kama ilivyo desturi, na alasiri ile alijilaza kitandani akitazama kunguru wanavyopita juu yake.

Jumamosi mvua ikaja. Redio ilikuwa imetangaza kimbunga upande wa Msumbiji, na kwamba mkia wake ungepita huku. Ilinyesha siku tatu mfululizo, ikang'oa mikorosho, ikakata barabara ya Masasi. Juu ya nyumba ya Sikuzani ilifika kwenye kimo yalipokuwa mabati, ikaishia hapo. Ikatiririka kwa kufuata migongo ya mabati yasiyokuwepo, ikaingia kwenye mfereji usiokuwepo, ikapita hewani kwa mstari ulionyooka na kushuka kisimani. Ndani halikuingia hata tone. Sikuzani alitoka, akafunga kitambaa cha kuchujia mdomoni mwa kisima kama alivyofanya kila mwaka, akarudi jikoni.

Ziada alijifungua Jumapili. Mkunga, Bi Getrude, alitazama juu mara moja, akaona maji yakikimbia juu ya kitanda, akasema afadhali nyumba hii, kwake yeye anakinga kwa sufuria tatu. Mtoto alikuwa wa kiume. Walimwita Nikolao, kwa kuwa jina ndilo pekee lililokuwa halijadaiwa.

Ni mvua tu iliyoliheshimu paa lile. Jua lilipita kama kawaida, na kunguru mmoja aliyejaribu kutua juu yake aliangukia kwenye ungo wa unga.

Kwa Dastani, mabati yalikuwa yamepigiliwa vizuri tangu Ijumaa, na mvua ikapita katikati yake. Hayakuwa na tundu. Maji yaliyapita tu, yakalowesha godoro, redio na magunia manne ya korosho. Dastani alipeleka malalamiko, na baraza la ukoo likakaa mbele ya mtendaji wa kijiji, Humphrey, mtu wa Moshi mwenye mwandiko mzuri.

"Mabati nimepewa," alisema Dastani kwa upole. "Paa sijapewa. Paa la mjomba limebaki kule."

Mzee Mrisho, mkubwa wa ukoo, alimgeukia mjane. "Mama Ziada, ni kweli kwako mvua haiingii?"

"Haiingii, baba."

"Basi unalo."

"Sikulishika mimi. Limekaa lenyewe. Na kisima kile, maji ya saruji niliyapandisha mimi."

"Kwenye kisima hatujafika," alisema Mzee Mrisho. "Tupo kwenye paa."

Humphrey alimwonea mjane huruma kweli. Alimweleza kwamba mahakama ipo, na akamwomba cheti cha ndoa. Sikuzani akasema alikuwa amekichomeka juu, kati ya kenchi na bati, mahali ambapo panya hawafiki. Dastani alithibitisha kuwa alikikuta huko, na kwamba kililowa pamoja na godoro. Basi Humphrey akaandika: Paa moja, lisiloonekana, lipo katika hali nzuri, likabidhiwe mrithi. Akagonga muhuri.

Jumanne wapwa walirudi na ngazi. Walipanda juu ya kenchi, wakapiga nyundo mahali ilipokuwa misumari. Hakikuonekana kitu, lakini kila walipong'oa, kopo la maziwa lililia, na kufikia saa sita lilikuwa zito mno kulibeba kwa mkono mmoja. Kisha watu sita wakalibeba paa, mikono juu, wakapita nalo barabarani. Bodaboda moja ilisimama kuwapisha. Penye uchochoro wa kanisani walilipitisha kiubavu. Sikuzani aliwasindikiza hadi njia panda, kama mtu anavyomsindikiza mgeni. Aliumia. Aliumia kuliko siku ya maziko, kwa sababu siku ya maziko walau aliruhusiwa kulia.

Tangu siku ile mvua ilikatika. Mahindi yalikauka yakiwa yametoa mbelewele, na mikorosho iliyosalia ilichanua ikapukutisha maua yote chini. Mwezi wa saba pampu ya bondeni ikafa. Upande ule wa kijiji kikabaki kisima kimoja chenye maji, kile kilichojazwa na mvua ya siku tatu, na Sikuzani akawa anatoa ndoo moja kwa kila nyumba, hata kwa nyumba ya Dastani.

Mwezi wa tisa Dastani alikuja na mfuniko wa chuma, kufuli na karatasi. Baraza lilikuwa limefika kwenye kisima. Maji yalitoka juu ya paa la mjomba, na tunda hufuata mti.

"Sio mimi, mama," alisema, akikaza kufuli. "Ni utaratibu."

"Nimeelewa, mwanangu."

Usiku na mchana Sikuzani alikuwa amemwomba Mungu jambo hili lisifike hapa. Dua la kuku halimpati mwewe. Tangu hapo alipewa ndoo moja kwa wiki, akipanga foleni mlangoni kwake mwenyewe, na kisima kilipokaribia kukauka akaambiwa ndoo za wiki zimesitishwa. Nyumba haikuwa na kivuli. Mtoto alitokwa na vipele vya joto mwili mzima, na kata moja ya maji ikawa lazima ichague: imwogeshe au ipike uji wake. Ziada alifunga kanga mbili na kumweka mwanawe mgongoni.

"Twende wote Lupaso, mama."

"Nikiondoka, watasema kisima nimekiacha."

Akabaki. Siku moja aliteremka bondeni, siku ya pili aliuguza magoti, siku ya tatu akateremka tena. Mtoto alitembea kwa mara ya kwanza huko Lupaso, na bibi yake alipata habari kwa simu ya jirani.

Mvua ilirudi Januari, siku ya Jumanne. Watu walisimama barazani kwao kuona paa liko wapi. Lilikuwa kwa Dastani. Maji yalifika kwenye kimo cha paa lake yakaishia hapo, na ndani godoro lilikuwa kavu. Kwa Sikuzani yaliingia kama shambani, yakayeyusha ukuta wa kitandani. Ikaonekana wazi kwamba baraza liliamua sawasawa.

Ila maji ya paa la Dastani hayakuanguka chini. Yalikusanyika ukingoni, yakashika safari hewani. Yalipita juu ya kanisa, juu ya shule na juu ya soko, mkondo mnene kama paja la mtu, yakakata kona penye njia panda, yakashuka kwenye kisima cha Sikuzani. Yakaukuta mfuniko. Yalipiga chuma, yakatawanyika, mchanga ukayanywa.

Sikuzani alitoka na ndoo mbili akazikinga. Zilijaa kabla hajanyanyuka. Dastani akafika na mwavuli.

"Shikamoo, mama. Hayo ni ya paani."

"Marahaba. Najua ni ya paani. Fungua basi yaingie, yasipotee."

"Nikifungua nitakuwa nimeyagusa. Wameniambia nisubiri kikao cha Alhamisi, kwa sababu maji ni yangu lakini njia yameichagua yenyewe. Mpaka hapo yasiguswe, na mimi pia sigusi."

"Na haya ya kwenye ndoo?"

Dastani alizihesabu ndoo. Hakupenda kumwonea mtu.

"Hayo pia, mama."

Sikuzani alimwaga ndoo ya kwanza, kisha ya pili. Aliingia ndani na ndoo tupu akaziweka katikati ya chumba, chini ya mvua ya kawaida, ambayo ilikuwa bado haijadaiwa. Akaketi kando yake, kanga imemgandia mwilini, akilia kwa hasira, na kwa mvua ile hakuna ambaye angeweza kumwambia kuwa analia.

Ilinyesha siku tatu, na siku zote tatu chuma cha mfuniko kilisikika hadi sokoni. Kikao cha Alhamisi kiliahirishwa kwa sababu ya mvua. Ijumaa, mvua ilipokatika, baraza lilikaa, likaona si haki maji kupotea, likaamuru kisima kifunguliwe mara moja ili yaingie. Dastani akaenda mbio na ufunguo, akauondoa mfuniko, akausimamisha ukutani. Jua lilikuwa kali na mawingu yalikuwa yamekwisha. Mwaka ule mvua haikurudi tena. Sikuzani hakuwepo kushuhudia. Alikuwa ameshasokota ngata na kuteremka bondeni, kwa kuwa anayechelewa kule, foleni humkutisha na jua la saa sita.