Ndoo Nyekundu

Jumanne ya tarehe tisa Machi ndiyo siku mambo yalipoharibika, na siku hiyo watu walicheka. Daktari alishika bakuli la bati, ndani yake uvimbe alioutoa kwenye paja la mke wa Fundi Makochi.

"Mafuta tu, mzee. Mkeo alikuwa anafuga."

"Na mimi nikidhani nanenepa mguu mmoja!" mke akadakia kutoka kitandani, akacheka mpaka nesi akamwomba atulie asije akafumua nyuzi.

Daktari akaliinamisha bakuli, uvimbe ukadondokea kwenye ndoo nyekundu ya taka. Pwata! Fundi alishuhudia kwa macho yake. Angesema nini, yeye wa darasa la nne?

Mwaka haukuisha, uvimbe ukarudi, mgumu kama fundo la mbao. Katika hospitali kubwa mtaalamu aliupapasa, akavuta kiti akaketi.

"Hii ni saratani ya misuli na mafuta, wachache huipata. Ule wa kwanza ulipimwa maabara?"

Fundi akaikumbuka ndoo.

Akaelezwa kwamba uvimbe kama ule hupigwa picha, hupimwa kipande, ndipo hutolewa mzima pamoja na nyama safi inayouzunguka. Kuukwangua tu ni kuutawanya. Mguu ukakatwa kwenye nyonga. Wapi! Mapafu yalishaingiliwa. Wakamzika.

Fundi akikosea kochi la mtu, hutukanwa mtaa mzima ukasikia. Yule daktari alikosea mguu wa mtu, akafanywa mganga mkuu, akatandikiwa zulia ofisini.

Leo Fundi amekaa juu ya zulia hilo. Kando yake binti yake, wa pekee aliyeachiwa, amekunja mkono wa blauzi. Juu ya kiwiko pana kivimbe. Na bila barua ya mganga mkuu, hospitali kubwa haimpokei mtu.

Mganga mkuu akakibonyeza kwa kidole gumba, akatabasamu.

"Barua ya nini, mama? Mafuta tu haya. Njoo Jumanne tukitoe, hutachelewa hata kupika."

"Umesikia, Baba? Hebu kunjua uso, utamtisha daktari."

Fundi akageukia pembeni. Kupitia mlango wa chumba cha pili aliiona ndoo nyekundu, ile ile, imeoshwa ikang'aa, inangoja.

"Daktari," akasema, "mkishakitoa, mtakipeleka wapi?"