Maji Kwenye Bomba

Bi Shaka aligeuza jani la kabichi kwa kidole kimoja, kama anayechungulia sufuria ya jirani. Vidukari walikuwa wamejazana chini yake, wamenona, wanafyonza utomvu. Wiki iliyopita mumewe alipuliza dawa shamba zima, na sasa walikuwa wengi kuliko mwanzo.

"Baba watoto, ile dawa uliipeleka wapi?"

Mumewe alikuwa akiosha bomba la kupulizia. "Si niliipuliza? Mpaka leo nakohoa."

"Hata mbuzi anakohoa. Uliuza dawa, ukapuliza maji."

Jina la Bi Shaka hakupewa bure. Hata jua likichomoza, yeye hutaka kujua nani kalituma. Aliokota chupa akainusa, kisha akamnusa na mume. Harufu ilikuwa ile ile. Basi aliyebaki ni jirani, lazima ndiye aliyekuja kumwaga vidukari wake hapa. Akapiga magoti kutafuta nyayo zake.

Nyayo hakuziona. Aliona vibibi, wale wadudu wekundu wenye madoa meusi, wamelala chali, wamekauka, wametapakaa mstari mzima. Msimu uliopita, kabla mradi uliowagawia shamba haujalazimisha dawa, hao ndio walioshinda wakila vidukari, na kabichi zikatoka safi.

Akakaa kitako palepale udongoni.

"Dawa haikuwa maji," alisema.

"Nilikwambia."

"Imeua walinzi. Wezi wamerudi na ukoo wao."

Pikipiki ikasimama kando ya mtaro. Bwana Shamba wa mradi alishuka na chupa kubwa zaidi.

"Dada, hapa kwako pananuka vidukari. Chukua hii, ni kali. Bei yake tutaikata kwenye mavuno. Jioni nakuja kushuhudia unapuliza. Asiyepuliza ananyang'anywa kipande chake cha shamba, unajua."

Kipande hicho ndicho kilicholisha nyumba yao. Kingine hawakuwa nacho.

Bi Shaka alimfunulia kiganja kilichojaa vibibi waliokufa. "Watazame hawa kwanza."

Bwana Shamba aliwatazama, halafu akatazama barabarani. "Nawajua. Hata chuoni tulisoma habari zao. Lakini kibibi, dada yangu, anakula peke yake."

"Na dawa je, inakula na nani?"

Bwana Shamba akaiacha chupa chini, akawasha pikipiki.

Mchana kutwa Bi Shaka alipekua majani ya mtaroni. Vibibi wachache waliosalia aliwaweka kwenye kasha la kiberiti, akaja kuwaachia juu ya kabichi, mmoja mmoja. Chupa kubwa akaificha chini ya magunia.

"Jaza maji," alimwambia mumewe.

"Maji na nini?"

"Maji."

"Asubuhi si ulitaka kuniacha kwa sababu ya maji hayo hayo?"

"Asubuhi ulikuwa mwizi. Sasa ni mume wangu. Jaza."

Jioni bomba lilinguruma mstari kwa mstari. Bwana Shamba alisimama upande ambako upepo ulikuwa ukielekea, manyunyu yakimpiga usoni.

"Kohoa," Bi Shaka alimnong'oneza mumewe.

Mume akakohoa, tena kwa bidii.

Bwana Shamba hakuziba pua. Alijifuta shavu lililolowa, akanusa vidole vyake taratibu, akatabasamu.

"Mmepuliza vizuri," alisema. "Kabichi zikikomaa msinisahau. Gunia moja tu."

Bi Shaka alimsindikiza kwa macho mpaka pikipiki ikapotea.

"Umeona?" alimwambia mumewe. "Hata maji yana mlaji."