Nafasi ya Kiganja

Dogwudi ni mti wa nchi za baridi, na Durban hata Julai mtu anatembea na shati la mikono mifupi. Haukuwa na kazi Westville, kitongoji cha Durban. Lakini Profesa Baudouin, Mkongomani aliyefundisha chuo kikuu, aliuona ukichanua akiwa kijana ughaibuni, akaapa atakuwa nao uani. Akanunua mche kwenye kitalu cha milimani nje ya Durban, akaupanda mahali jua la alasiri halifiki. Miaka kumi na mmoja, majani matupu. Majirani wakamtania kwamba anafuga kuni.

Mtunza bustani wake alikuwa Anatole Nduwimana, Mrundi aliyeishi mtaa wa Albert Park. Kabla ugonjwa haujamlaza moja kwa moja, Profesa alitoka na mkongojo, akapiga goti kwa shida, akalaza kiganja chini kati ya nyasi kavu na shina. Nyasi zitandazwe, alimwelekeza, maana mizizi ya mti huu iko juujuu na inataka unyevu, ila zisiguse shina. Nafasi ya kiganja, siku zote. Anatole akaitikia, na moyoni akacheka kidogo. Mtu wa vitabu huyu! Kwao Ngozi, Burundi, baba yake alirundika nyasi mpaka migomba ikafukiwa miguu, na hakuna jirani aliyevuna kumzidi.

Profesa akafa. Mjane wake, Mama Constance, akakataa kuondoka. Binti yao Tina alimwita Brussels kila wiki, naye kila wiki alijibu jibu lilelile: alimwahidi Baudouin atayaona hayo maua kwa niaba yake. Anatole alimhurumia sana. Msimu wa joto ulipoingia, akafanya kwa mapenzi yote alichokijua. Alifyeka nyasi, akazirundika mpaka magotini, akazibana shinani kama alivyofundishwa na baba yake, ambaye hata kaburi lake hajaliona. Mvua zikazinyeshea miezi mitatu.

Septemba, baridi ilipoisha, mti ukachanua. Si tawi moja, mti mzima, kila ua na petali nne nyeupe zenye kibonyeo nchani, kama zimefinywa na kidole. Mama Constance alicheka, akalia, akampigia Tina, na tiketi ikakatwa ya Jumamosi. Alimwambia Anatole kwamba sasa anaondoka na moyo mweupe. Nyumba itapangishwa, mti anamwachia yeye, na kila Septemba amtumie picha.

Anatole hakufurahi. Kwao aliwahi kuona mbuni uliozaa kupita kiasi, na mwaka uliofuata ukawa kuni. Alhamisi akazifukua zile nyasi. Chini zilikuwa za moto na zinanuka. Ganda la shina likamnyambukia mkononi, jeusi, bichibichi, karibu kulizunguka lote. Akakaa pale pale chini. Maji yakimwagika hayazoleki. Akawaza kunyamaza siku mbili tu, mama wa watu apande ndege na furaha yake. Lakini zile picha? Atazipiga wapi?

Akamwendea barazani, kofia mkononi.

"Mama, huu mti unakufa. Ni mimi. Nyasi zimeozesha shina."

Mama Constance aliutazama mti, kisha akamtazama yeye.

"Baudouin hakukuambia?"

Hapo mlango wa uongo ulikuwa wazi, na marehemu habishi. Neno moja tu lingemtosha Anatole.

"Aliniambia. Hata alinionyesha kwa mkono wake. Nikaona baba yangu anajua kumzidi."

Mama hakumfokea. Angemfokea ingekuwa nafuu. Alikoroga chai yake mpaka ikapoa, Anatole amesimama mbele yake anaona aibu ya kuondoka na aibu ya kubaki.

"Ile maua itabakia siku ngapi?" akauliza mwishowe.

"Labda wiki mbili."

"Basi usiukate mbele niende, ngoja nipande ndege kwanza. Na Tina usimwambie."

Jumamosi gari lilipofika, Mama Constance aliugusa mti kidogo tu, akampa Anatole mkono, akapanda. Kupitia kioo cha nyuma aliuangalia ukiwa mweupe wote, mpaka gari likakata kona.

Msumeno ulikuwa tayari stoo. Anatole akaupita, akachukua reki. Akapiga goti, akazisogeza nyasi zote zilizobaki, akalaza kiganja chini kupima, akazunguka hivyo shina lote lililokufa, pole pole, bila kuruka mahali.